Sufuria ya Sikukuu ya Vibanda

Ndugu zangu mnaopokea wageni, na ninyi mnaotamani kuwapokea, sogeeni niwasimulie yaliyoipata nyumba ya Melkizedeki pale Same, upande wa mlimani. Aibu imo ndani yake, siwafichi. Lakini sisimulii kwa sababu ya aibu.

Jioni ile upepo wa Same ulikuwa umetulia, jambo lisilo la kila siku. Priska, mke wa Melkizedeki, alikuwa juu ya ngazi akipanga majani ya mgomba kwenye paa la kibanda walichojenga uani. Jirani yao Anaeli alisimama chini, mikono kiunoni.

"Shemeji, mbona hilo paa lina matundu?"

"Ndivyo wageni wanavyotaka. Mtu akiwa ndani aone nyota."

"Loo! Tangu lini Mpare akaezeka nyumba ya kuvuja? Marehemu baba mkwe wako akifufuka, atakufungulia kesi."

"Akaanzie kwako wewe unayechungulia uani kwa watu!"

Wakacheka. Nyumba ilikuwa na amani, na Priska alikuwa na fahari moyoni, maana kazi ile ilikuwa imewashinda wengine.

Wageni wenyewe walikuwa Mama Ruthu na baba yake, Mzee Eliezeri, Wayahudi kutoka Marekani. Mama Ruthu aliwahi kuwa muuguzi Moshi akiwa msichana, na Kiswahili hakikumtoka kichwani. Alitaka baba yake awaone tembo na faru wa Mkomazi angali na nguvu za kupanda gari. Nafasi yao iliangukia kwenye Sikukuu ya Vibanda, ambapo Wayahudi hula chakula chao kibandani kukumbuka babu zao walivyoishi jangwani. Wenye magari ya utalii aliowauliza kwanza walimwambia abadili tarehe. Melkizedeki, mwenye nyumba ya wageni na gari la utalii, akasema, "Hakuna shida."

Mama Ruthu alieleza kwamba siku mbili za mwanzo hawasafiri, gari lilale. Melkizedeki akasema hakuna shida. Akaeleza kwamba nyama haikutani na maziwa, na samaki asiye na magamba hawamli, wala hawali chakula kilichopikwa kwenye chombo alichopikiwa samaki huyo. Hakuna shida! Tena alijibu kabla mama wa watu hajamaliza kusema. Mtaani akawa anatamba, "Jina langu lenyewe, Melkizedeki, limo kwenye kitabu chao. Nani atanifundisha?"

Priska hakusema hakuna shida. Yeye aliuliza kimoja kimoja, mpaka mumewe akaona anamchelewesha. Vyombo vipya vya wageni vilipowekwa ndani ya maboksi yao ya barafu na kufungiwa stoo, alimshika Mama Ruthu mkono. "Vyombo hivi havitaguswa na chakula kingine. Nimesema mimi."

Siku ya kwanza ya sikukuu ilipita vizuri sana. Mama Ruthu na Priska walikuwa wameandaa makande mapema, na Mzee Eliezeri, mikono ikitetemeka kwa uzee, alikula kibandani akaongeza. Kila Priska alipomwamkia "Shikamoo", alijibu "Marahaba" kwa sauti kubwa kama mzee wa Kipare wa Ugweno. Alisema, binti yake akitafsiri, kwamba miaka yote alijijengea kibanda kwa mikono yake, na huu ulikuwa mwaka wa kwanza kujengewa.

Basi tamaa, ndugu zangu, haibishi hodi. Asubuhi ya pili simu ya Melkizedeki iliita. Alikuwa Vitus, mchuuzi wa samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Gari lake limeharibika, samaki wanaoza, anatafuta usafiri na maboksi ya barafu, naye atalipa vizuri.

Melkizedeki alilitazama gari lake limelala uani kama ng'ombe mgonjwa. Wageni walikuwa kibandani, na Priska alikuwa nao. Akafungua stoo kwa ufunguo wa akiba, akapakia maboksi, na vyombo vikiwa mlemle ndani. Akamwambia mkewe anakwenda kuweka mafuta.

Alirudi jua likizama.

"Baba Jenifer, mbona unanuka bwawa?" Priska alimuuliza.

"Nilimpa Vitus lifti. Na wewe pua yako, utafikiri polisi."

Alfajiri ya safari, Priska aliingia stoo kupanga vyombo. Maboksi yalinukia sabuni na ndimu, na yeye hakuwa ameyaosha. Alipofunua sufuria kubwa aliona mchuzi umekaukia ukingoni, na katikati ya mchuzi sharubu la kambare limegandia.

Kambare! Samaki asiye na gamba hata moja.

Alimwita mumewe. Melkizedeki alichungulia, akakuna kichwa.

"Ni wale vijana wa Vitus, walijipikia supu. Niliiosha niliporudi bwana, giza lilikuwa limeingia. Isugue tena, yaishe."

"Yaishe vipi? Nilitoa neno langu."

"Nani atajua? Samaki ni samaki, mke wangu."

"Na mti ni mti?"

"Mti gani tena?"

"Mgeni akipanda kule kwenye msitu wa mila wa ukoo wenu, ambako hamvunji hata kijiti, akakata kuni akachemshia chai, kisha akasema mti ni mti, mtamwacha?"

Mpare haulizwi habari za msitu wa ukoo wake akakosa kuelewa. Lakini hofu ilimshinda Melkizedeki. "Ukiwaambia wataondoka," alisema kwa sauti ya chini. "Watatutangaza kote. Na yule mzee hatarudi tena kuwaona hao tembo. Wewe ndiye utakuwa umemnyima."

Maneno hayo yalimchoma Priska. Akinyamaza, mzee atakwenda Mkomazi kwa furaha, akila asichokijua. Akisema, huenda safari ikafia pale uani. Akatoka na sufuria mkononi, bila kuisugua.

"Mama Ruthu, nilikuahidi, na ahadi imevunjika ndani ya nyumba yangu. Sufuria hii imepikiwa kambare, na maboksi yamebeba samaki. Nisamehe."

Mama Ruthu aliitazama ile sufuria, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Aliingia kibandani kwa baba yake, wakazungumza kwa lugha yao. Melkizedeki alisimama kando ya gari akivuta kifungo cha shati, mpaka kikang'oka.

Mama Ruthu alitoka. "Baba ameuliza ni nani aliyetuambia. Nimemwambia ni wewe. Anasema hivi: katika maisha yake amekula kwenye nyumba nyingi alimoambiwa kila kitu kiko sawa. Hapa ameambiwa ukweli. Anataka kwenda na ninyi." Akashusha pumzi. "Lakini chakula chake nitapikia nini? Hata sufuria mpya ina taratibu zake za kutakaswa kwanza, na hapa sina namna."

Hapo Priska akainua kichwa. "Mama, kwetu mlimani tukilinda mahindi yasiliwe na nyani, tunakaa kwenye kibanda kama hiki, na sufuria hatuna. Ndizi na viazi vitamu tunavifukia kwenye majivu ya moto, na maganda yake. Unamenya, unakula."

Mama Ruthu alicheka, machozi yakimlengalenga. "Na moto nitauwasha mimi mwenyewe, ndivyo sheria yetu inavyotaka."

Wakafunga nguzo na majani juu ya gari, wakaenda. Kambini Mkomazi, Melkizedeki alikijenga kibanda upya peke yake, akiacha matundu kama alivyoona mkewe akifanya. Alipomaliza alimwendea mzee, kofia mkononi.

"Mzee, nisamehe. Nilisema hakuna shida kabla sijaisikia shida yenyewe."

Mzee Eliezeri alimsikiliza binti yake akitafsiri, akamkaribisha aketi, akampa ndizi ya moto. Kundi la tembo lilikuwa linavuka bonde, wekundu kwa vumbi la Mkomazi. Mzee aliwatazama mpaka wa mwisho akapotea vichakani. Priska aliyaona macho yake, na hakuna aliyehitaji kumtafsiria.

Mwaka uliofuata Mama Ruthu aliwaelekeza ndugu zake nyumba ileile. Ufunguo wa akiba Melkizedeki alimkabidhi mkewe mbele ya Anaeli, na mgeni akipiga simu yeye husema, "Subiri kwanza, ongea na Mama Jenifer."

"Shemeji," Anaeli aliuliza siku ile Priska akiwa tena juu ya ngazi, "hilo paa bado linavuja?"

"Linavuja vizuri sana!"

MTAKALOONDOKA NALO

Mwiko wa mgeni ni kama msitu wa ukoo wako. Usiuingie na panga kwa kuwa hakuna anayekuona. Usikubali usilolielewa ili tu usifiwe, na tamaa isikutume kugusa ulichowekewa amana. Likishaharibika, sema kabla mgeni hajatia tonge kinywani. Wanatutania sisi Wapare kwa kesi na kwa makande, na watutanie. Ila mgeni aliyekula kwetu aondoke akijua alichokula.