Nyumba Nne na Kuku wa Kamba

Asubuhi moja huko Kasongo, enzi za Wabelgiji, fundi Sumaili alikula kuku kabla hajagusa kazi. Hilo halikumshangaza mtu. Mtu akitaka nyumba, fundi huja kunyoosha kamba kiwanjani, kuonyesha ukuta utapita wapi. Siku hiyo mwenye nyumba hupika wali na kuku, na mafundi hula mpaka basi. Kamba ikishanyooshwa, mwenye nyumba haendi tena kwa fundi mwingine.

Sumaili aliipenda siku ya kamba. Nani asingeipenda? Ubaya wake ni kwamba aliipenda kuliko siku ya paa.

Kampuni yake ilikuwa ndogo. Roger alijenga kuta pamoja na vibarua. Fidèle alikuwa seremala. Hawa, mke wa Sumaili, alisimamia tanuru la matofali. Mwaka ule walikuwa wameshakula kuku wanne. Nyumba nne zilisimama nusu nusu mtaani, na hakuna hata moja iliyokuwa na paa.

Ndipo ajenti wa serikali, Mbelgiji, akapita kukagua mtaa. Aligonga ukuta wa nyumba mojawapo, ya mwalimu Célestin, kwa fimbo yake, akacheka.

"Nyumba bila kichwa!" alisema. "Watu weusi wanajua kuanza, hawajui kumaliza. Sikia, Sumaili. Mvua kubwa ya kwanza ikikuta hata nyumba moja bila paa, nachukua kibali yako. Utarudi kijijini, utalima pamba."

Pamba! Baba yake Sumaili aliilima pamba ile ya lazima kwa kuchapwa viboko, mpaka mgongo ukapinda.

"Pamba utalima mwenyewe!" Sumaili alifoka. Lakini ajenti alikuwa ameshafika mbali.

"Siku ingine useme akiwa karibu," Hawa alimtania.

Sumaili hakucheka. Aliapa kwamba pamba hailimi, na akaingia kazini kwa hasira. "Mbio! Kila mahali!" alipiga kelele. Aliwagawa watu kwenye nyumba zote nne. Asubuhi Roger alijenga kwa Célestin, mchana aliitwa kwingine. Fidèle alikuja na msumeno wake, akakuta kuta hazijafika juu. Kuta za Célestin zilipofika juu, mbao hazikuwapo, bado zilikuwa miti msituni. Wakaikata haraka na kuipandisha mibichi. Jua likaipiga, ikapinda yote. Ikabidi ishushwe. Sumaili alitupa nyundo chini, karibu alie.

Jirani yao Théophile alikuwa akiwatazama. Zamani alikuwa kapita, msimamizi wa kazi, kwenye madaraja ya barabara ya Kabambare.

"Ndugu yangu," aliuliza, "nyumba gani itaisha kwanza?"

"Zote!"

"Zote pamoja? Basi hakuna hata moja. Mama Hawa, utupatie matofali kidogo."

Akayapanga matofali kwa mstari katika ua wa Sumaili. "Kila tofali iko kazi moja. Hii musingi, hii kuta, hii mbao, hii paa. Sasa uniambie, kazi gani inangojaka ingine?"

"Paa inangojaka kuta," Sumaili alisema.

"Na mbao? Inangojaka nini?"

Sumaili alizikumbuka mbao zile zilizopinda.

"Mbao haingoje mutu," Théophile alisema. "Inataka kukauka tu. Basi ikatwe leo, ya nyumba zote ine. Ikauke wakati Roger anajenga. Kazi yenye kuchukua muda murefu unaianza mbele, hata kama utaitumia mwisho."

Akasogeza tofali la mbao likawa la kwanza. Kisha akaonyesha safari ya mafundi. Roger amalize kuta za Célestin zote, ndipo aende nyumba ya pili. Akitoka, Fidèle anaingia na paa. Hakuna anayemngoja mwenzake, hakuna anayemkanyaga.

"Na hapa mbona umeacha nafasi?" Hawa aliuliza.

"Ya homa, mama. Ya matanga. Ya siku tanuru inaharibika. Mupango bila nafasi ni uongo."

"Na kamba mupya?" Sumaili aliuliza polepole.

"Hapana kamba mupya mpaka hizi zimeisha."

"Hata kuku?"

"Hata kuku!"

Tangu hapo walikutana kila asubuhi penye matofali yale. Kila mmoja alisema amefanya nini na nini kinamzuia. Kazi ikiisha, tofali lake linageuzwa. Roger alipougua homa, kazi haikuvurugika, kwa sababu nafasi yake ilikuwapo. Nyumba ya Célestin ikapata paa. Kisha ya pili.

Antoine, mfanyabiashara wa Kabambare, alileta jogoo mnene ili anyooshewe kamba. Sumaili alimeza mate. "Rudi naye, baba. Tukimaliza paa ya ine, wewe ndiye wa kwanza. Fidèle atakukatia mbao leo, zianze kukauka."

Nyumba ya tatu ilipopata paa, ajenti alikuja mwenyewe uani.

"Kesho leta watu wote kwangu. Nataka ghala."

Sumaili aligeuka. Alimwona Hawa akimtazama.

"Hapana, Bwana."

Roger na Fidèle wakasogea karibu.

"Ulisema mvua ya kwanza," Sumaili aliendelea. "Neno ni lako. Mimi niko nalishika. Ghala yako nitajenga. Tofali yake ni hii hapa, nyuma ya ile ya Antoine."

Uso wa ajenti ukawa mwekundu. Aliyapiga matofali teke, yakatawanyika ua mzima. "Nitakuja na mvua!" alisema, akaondoka.

Sumaili aliinama kuyaokota, lakini Roger alikuwa ameshachukua la kuta, Fidèle la paa, Hawa la tanuru. Bila kuulizana, kila mtu alirudisha la kwake mahali pake.

"Anazani ameharibu mupango," Roger alisema. "Iko humu kichwani."

Wakahamia wote kwenye nyumba ya nne. Mbao zilikuwa kavu, zilikaa sawa. Wingu jeusi lilipanda mapema kuliko kawaida. Fidèle alipigilia bati la mwisho, akashuka ngazi, na matone ya kwanza yakamwangukia mgongoni.

Ajenti alikuwa njiani, anakuja kuhesabu nyumba zisizo na vichwa. Mvua ikamnyeshea vilivyo. Akakimbilia baraza la nyumba ile ile ya nne, kofia inamwaga maji. Sumaili na wenzake walikuwa wamesimama hapo, wakavu.

Ajenti akatazama juu. Hata tone moja halikupita.

Sumaili alisogea karibu naye kabisa. "Karibu, Bwana. Nyumba iko na kichwa. Na pamba, utalima mwenyewe."

Ajenti alitazama mvua, akatazama chini. Kutoka hakuweza, akabaki chini ya paa lile.

"Sasa umesema akiwa karibu," Hawa alisema.

Mvua ilipopumzika siku chache, walinyoosha kamba ya Antoine. Jogoo alikuwa amenenepa zaidi. Wali ulifuka moshi, watu wakanawa mikono, na Sumaili akaizuia mikono yote.

"Fidèle, mbao yake?"

"Iko kavu tangu kiangazi."

"Hawa, matofali?"

"Yamechomwa, yamefunikwa."

"Basi tule," Sumaili alisema.