Dakika Nne za Chirau

Saa ya ukumbi wa mashine ilichelewa. Hilo tu, mwanzoni. Saa nyingine za kiwanda zilisema tak! kwa pamoja, halafu ile ya ukumbini ikasema tak yake peke yake, kama mtu anayeitikia salamu bila kupenda. Shutu, fundi wa saa, aliisikia akiwa na kikombe cha chai, akakiweka chini bila kukimaliza. Mwingine asingejali. Yeye alikuwa na sababu.

Kiwanda kilikuwa cha mkonge, bara kidogo kutoka pwani ya Munje, na huo ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Ofisini ilikaa saa mama. Kila dakika ilisukuma umeme kwenye nyaya, na saa tano za ukutani zikaruka hatua moja pamoja. Kazi ya Shutu ilikuwa nyepesi, nami simtetei: kila asubuhi asikilize milio ya saa redioni, airekebishe saa mama, kisha azunguke kiwanda kizima kuhakikisha watoto wanasema sawa na mama yao. Waya ukilegea, saa hubaki nyuma. Jumanne moja, kabla ya hayo, hakuzunguka. Alikaa kibarazani akala mahamri kwa mbaazi mpaka akashiba, akaandika daftarini: "Zote sawa."

Saa sita mchana mashine ilizimwa, Chirau akaingia ndani kuisafisha meno. Alipewa robo saa. Aliitazama saa ya ukumbini, ikamwambia bado dakika nne. Kaingu, mwendesha injini, aliitazama yake katika chumba cha pili, ikamwambia wakati umetimia. Akawasha.

Watu walipokuwa wakimtoa Chirau, Shutu alipanda ngazi akausukuma mshale wa saa ya ukumbini mbele dakika nne. Naam, hata "inna lillahi" alikuwa hajaisema.

Basi lawama ikamwangukia maiti. Wakasema alikuwa amelewa mnazi, ndiyo maana hakuangalia saa. Siku ya tatu ya matanga, mjane wake, Mwanapili, alisimama mlangoni akauliza mbele ya wanaume arubaini waliokaa jamvini.

"Kaka Shutu, saa zilikuwa sawa?"

"Wallahi zilikuwa sawa," Shutu akasema. "Na kama nasema uongo, mwenye kunichukua anichukue."

Mpumbavu! Pwani hii mtu haapi kwa maneno hayo, maana hajui nani mwingine amekaa kitako anasikiliza.

Kesho yake ndipo ile saa ilipoanza. Kila adhuhuri ilibaki nyuma dakika nne kamili. Shutu aliifungua, akakuta waya umekaza vizuri, na ndani mnatoka harufu ya udi iliyochanganyika na utomvu wa mkonge mbichi. Akaifunga. Saa yake ya mkononi nayo ikachelewa, kisha ya nyumbani. Msikitini alidhani amesujudu pamoja na wenzake, na alipoinua kichwa safu ilikuwa tupu, watu wako nje wanavaa viatu na kumtazama. Uso ulimwaka kwa haya.

Na siku moja, jua likiwa utosini, wakati ambao wazee hukataza watu kutembea ovyo, aliinuka kwenye benchi lake ukumbini, akapiga hatua tatu, akahisi wepesi asioujua miguuni, akageuka, akaona kivuli chake bado kimekaa pale pale kwenye benchi, kimeinamisha kichwa, kinangoja, na saa ya juu yake ikipiga tak, na tak, na tak, na tak, ndipo kikainuka polepole na kumfuata.

Alikimbilia kijiji cha Bodo kwa Bibi Mbodze, mganga.

"Shikamoo, bibi," alinong'ona. "Nimeingiliwa na pepo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akamfukiza ubani, akamfunika shuka. Sauti iliyotoka kooni mwa Shutu haikuwa yake.

"Sikuvamia," ilisema. "Nilialikwa kwa kiapo. Huyu ameficha dakika nne za marehemu. Azitoe mbele ya waliomsikia, nami nitaondoka."

Bibi Mbodze akazima chetezo. "Mgeni wa kualikwa hatolewi kwa moshi," alisema. "Nenda ukaseme. Na usikawie."

Shutu alikwenda, lakini kwa mlango wa uani, wakati wanaume wako kazini. Alimwambia Mwanapili yote, macho chini: waya, mahamri, ngazi, mshale. Mwanapili alikuwa akitwanga. Aliuacha mchi ndani ya kinu.

"Walikuwa arubaini wakati ule," alisema. "Mbona leo umekuja kwangu peke yangu?"

"Aibu, dada yangu. Naona aibu."

"Yako ndiyo aibu? Mimi kisimani naitwa mke wa mlevi. Mume wangu hajawahi kuonja mnazi! Ijumaa, Shutu. Msikitini. Nitakuwa upande wa wanawake nasikiliza."

Ijumaa ile Shutu alisema ana homa. Ya pili, homa ile ile. Ya tatu alikwenda, maana kivuli kilikuwa hakimfuati tena kabisa.

Baada ya salamu ya swala alisimama mbele ya watu. Shutu akafungua kinywa, akaungama. Midomo ilicheza, mishipa ya shingo ikamtoka, machozi yakamwagika, lakini sauti haikutoka hata chembe. Akaanza upya, vivyo hivyo. Watu wakakohoa. Kaingu akainamisha macho.

"Masikini, ameharibika," mtu akanong'ona.

"Pumzika, ndugu yangu," imamu akasema kwa upole. "Mungu atakuponya."

Wakatoka mmoja mmoja. Mwanapili alisubiri kuliko wote. Mwishowe akavuta buibui usoni, naye akaenda zake.

Shutu alibaki peke yake, akinusa udi ambao hakuna aliyeuchoma. Saa ya msikiti ilipiga, tak, mara nne. Hapo sauti yake ikaja, imechelewa kama kivuli chake, kubwa na safi, kutoka pale alipokuwa amesimama mwanzo:

"Chirau hakulewa! Saa ilichelewa, nami nilijua. Nilipanda ngazi nikausukuma mshale..."

Alitoka mbio, akiita watu kwa mikono yote miwili, mdomo wazi. Njiani hakuna aliyegeuka. Sauti ilikuwa bado ndani, inayaungamia majamvi.