Bei ya Mlangoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chaki alipanda juu ya stuli na kuandika kwa chaki bei ya kitanda kwenye mlango wa karakana ya baba yake. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chaki. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili na mwandiko wake ulinyooka. Baba yake aliacha shule mapema, na tarakimu zake zililala kama walevi. Hakutaka watu wazicheke.

Mtaa huo wa maseremala ulikuwa na sheria moja tu, na haikuandikwa popote. Bei ikishaandikwa asubuhi, ndiyo bei mpaka jua lizame. Aje nani, atauziwa kwa bei hiyo. Na hakuna anayegusa mlango wa mwenzake.

"Hebu kaangalie Gundi kaandika ngapi," baba alisema, huku akipigilia msumari kana kwamba ana ugomvi nao.

Gundi alikuwa fundi wa karakana iliyotazamana na yao. Vidole vyake havikubanduka gundi hata siku za mapumziko. Yeye na baba walifunzwa kazi na fundi mmoja, wakala sahani moja. Mama yake Chaki alipofariki miaka miwili iliyopita, Gundi ndiye aliyechonga jeneza bila kuombwa. Chaki alimwita baba mdogo. Lakini tangu bei zianze kuporomoka, wanaume hao wawili hawakusalimiana tena.

"Mia mbili themanini, baba."

"Andika mia mbili sabini na tano."

"Mwaka jana ilikuwa mia tano!"

"Nimesema andika!"

Juu ya rafu redio ilikuwa ikisema. Mkubwa mmoja mwenye sauti iliyoshiba aliwapongeza wananchi: vitu vyote vimeshuka bei, kila mtu afurahi. Baba akanyakua kipande cha ubao, akakivurumisha. Redio ikagonga ukuta, ikaanguka kwenye maranda ya mbao. Ikaendelea kupongeza.

"Hata kuvunjika haitaki," baba akafoka. "Kama wenyewe!"

Shuleni, Chaki na wenzake walikaa sakafuni, daftari juu ya mapaja. Mwalimu mkuu, mama mrefu mwenye miwani, aliwaambia wavumilie tena. Pesa za madawati zipo, zimewekwa benki, lakini ofisi ya elimu imeagiza asubiri. Mwezi ujao madawati yatakuwa rahisi zaidi. Ilikuwa mara ya tatu kuwaambia hivyo.

Aliporudi mchana, Chaki alimkuta mpishi wa hospitali, mama mnene mcheshi, anakibonyeza kitanda cha nne kwa sita kama anayekagua unga uliokandwa.

"Kizuri hiki. Nitarudi Jumamosi."

"Ulisema hivyo Jumamosi iliyopita, dada yangu," baba akamjibu.

"Na si mmeshusha? Mjinga gani anunue leo kitu ambacho kesho kitashuka?" Akacheka, akaenda zake.

Baba akabaki ameshika randa bila kuisukuma. Kisha akamwita kijana wake wa mwisho wa kazi. Alikuwa jitu la miraba minne, mtaani wakimwita Tembo. Akamwambia hana kazi ya kumpa tena.

Tembo aligeuka, akakipiga teke kiti ambacho hakijamalizika, kikasambaratika. Akaugeukia ukuta, akautwanga kwa ngumi, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka ngozi ya vidole ikachanika na damu ikaruka kwenye chokaa.

"Mwisho wa mwezi nilikuwa nikanunue kabati kwa Gundi!" alinguruma. "Mtoto wangu amezaliwa, nguo zake zinalala kwenye boksi! Sasa nitalinunua kwa kitu gani? Kwa hizi?" Akainua ngumi zake zinazovuja damu, akatoka.

Baba alifagia vipande vya kiti bila kumtazama Chaki. "Jumamosi tusipouza hata kitanda kimoja, nauza mashine ya kuranda. Wewe utakwenda kuishi kwa shangazi yako."

Kwa shangazi kulikuwa safari ya siku mbili.

"Na wewe je, baba?"

Baba aliendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

Jumamosi, Gundi aliandika mia mbili sabini, akaingia ndani kuchemsha gundi yake. Chaki alikuwa akimvizia. Alivuka barabara. Akafuta mbili kwa kiwiko, akaandika moja. Mia moja sabini. Alijipigia hesabu hivi: sheria ya mtaa itamlazimisha baba mdogo auze kitanda kwa hasara, atakata tamaa, atafunga duka. Wateja wote watakuja kwa baba, na habari za shangazi zitakwisha.

Hakujua wateja ni wengi kiasi gani.

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Alipiga breki, akasoma mlango, akaruka chini. Nyuma yake akaja mshona viatu na mkewe, kisha wauguzi wawili, kisha mpishi wa hospitali anatweta. Hata mwalimu mkuu alikuwamo, miwani imemkaa upande. Haikupita nusu saa, watu zaidi ya thelathini walijaa mlangoni, na kila mmoja ana pesa mkononi.

"Si bei yangu hiyo!" Gundi alipiga kelele. "Mia moja sabini hainunui hata mbao!"

"Mlango umesema! Sheria yenu wenyewe!"

"Tapeli huyu!"

Mtu akamsukuma. Gundi akasukuma naye. Ngumi ya dereva ikamtua mdomoni, jino likatoka na damu. Hapo kila kitu kikalipuka. Watu wakavamia ndani. Kioo cha dirisha kikapasuka, vitanda vikaburutwa nje miguu ikikatika, wauguzi wawili wakang'ang'ania ubao wa kichwani mpaka ukapasuka katikati na wote wakaanguka chali. Mpishi, yule mcheshi, alimng'ata mshona viatu mkono. Chungu cha gundi kilipinduka, mtu akaunguzwa mguu, akalia kama mtoto.

Chaki alisimama kwenye mlango wao akitazama.

Gundi alijichomoa kwenye vurugu, nyundo ya mti mkononi, damu imemjaa kidevuni. Akavuka barabara moja kwa moja.

"Umenimaliza!" alimwambia baba. "Umegusa mlango wangu!"

"Mimi? Una wazimu!"

Nyundo ikashuka. Baba alikinga kwa mkono wa kushoto, na Chaki akasikia vidole vikivunjika, mlio kama kijiti kikavu. Baba akapiga ukelele, akaokota mguu wa kitanda, akamchapa Gundi begani. Wakakumbatiana kwa hasira, wakabiringika kwenye maranda, wakapigana vichwa. Walikuwa watu wazima wawili waliowahi kula sahani moja.

"Ni mimi!" Chaki alipasua sauti. "Baba mdogo, ni mimi! Mimi ndiye niliyefuta!"

Hawakusikia. Akajitupa katikati yao. Kiwiko kikampata kwenye paji la uso, akagonga kizingiti, na damu ikamtiririka mpaka jichoni. Hapo tu ndipo walipoacha.

"Nilifuta bei yako," alisema akilia. "Nilitaka ufunge duka. Sikutaka kwenda kwa shangazi."

Baba aliinua mkono wake mzima ili amzabe kofi. Gundi akaudaka hewani.

"Usithubutu. Nani aliyemtuma kila asubuhi kuuchungulia mlango wangu? Wewe. Na wako ulichunguliwa na nani? Na mimi. Mtoto amemalizia tu tulichokianza."

Baba akashusha mkono.

Mke wa Gundi, ambaye Chaki alimwita mama mdogo, ndiye aliyewafunga majeraha, huku akiwasema wote kwa zamu. "Tena mmetia aibu! Na nyie huko nje, msijifiche, nawaona! Miezi tisa mnapita hapa mnasema hamna pesa. Leo zimetoka wapi?"

Barabarani, mpishi wa hospitali alitazama noti zake zilizokunjamana. Mwalimu mkuu, blauzi imechanika bega, alikaa juu ya kitanda kilichovunjika.

"Nami nilikuwa nasubiri," alisema polepole. "Kitanda changu nasubiri. Madawati ya shule nasubiri, kwa kuwa wakubwa wameniagiza nisubiri."

"Mwalimu," Chaki alisema kutoka mlangoni, kitambaa kichwani, "sisi tunakaa chini."

Mama yule alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Wenye mamlaka watanigombeza," alisema mwishowe. "Acha wanigombeze. Mafundi, nataka madawati sitini. Jumatatu naita kamati ya wazazi. Nipeni bei ya haki, itakayowalisha nyinyi na vijana wenu."

Kamati ilikubali. Karakana mbili ziligawana kazi, thelathini kwa thelathini. Tembo aliitwa arudi, akaja na vidole vyenye makovu, na baada ya mshahara wa kwanza alibeba kabati la Gundi kichwani peke yake, huku akiimba. Mpishi naye akanunua kitanda chake bila kusema Jumamosi. Baba alitoa vitanda viwili kufidia vya Gundi vilivyovunjwa. Chaki alisugua madawati yote sitini kwa msasa, jioni baada ya jioni, mpaka viganja vikaota sugu. Hiyo ndiyo adhabu yake.

Siku ya mwisho baba alikaa kando yake, mkono wa kushoto umefungwa.

"Mimi sikusoma, mwanangu, lakini hili nimelilipia kwa vidole vyangu. Bei ikishuka kwa sababu mbao ni tele au mashine ni nzuri, hiyo ni heri. Ikishuka kwa sababu kila mtu amekunja mikono anamngoja mwenzake, huo ni ugonjwa. Mnunuzi anasubiri, fundi anamfukuza kijana, kijana hanunui kabati, na fundi mwingine analala njaa. Nchi nzima inaumwa hivyo, na waliokalia viti vikubwa, viti tulivyowachongea sisi, wanatuambia tupige makofi. Lakini sisi nasi tulikosea. Tulishindana kushuka mpaka tukasahau kuwa ni ndugu. Na wewe ukadhani uongo utatuokoa. Namba moja tu uliyoandika asubuhi ile imemwaga damu ya watu wangapi? Siku nyingine ukiogopa, niambie mimi. Usiuambie mlango wa watu."

"Nimesikia, baba."

Kesho yake asubuhi Chaki alipanda stuli. Ng'ambo ya barabara baba mdogo alimpungia mkono, pengo la jino wazi.

"Umeandika ngapi?" baba aliuliza kutoka ndani.

"Ile ile ya jana, baba."

"Na Gundi?"

Chaki alishuka, akapangusa mikono kwenye sketi. "Sijaangalia," alisema, akachukua mkoba wake, akaenda kuketi kwenye dawati.