Mbegu za Juu ya Mnara

Kila asubuhi Amudha alifagia mbele ya mlango, akanyunyizia maji, kisha akachora maua chini kwa unga wa mchele kabla ya kuvaa sare ya shule. Siku hizo maua yake yalitoka mshazari, kwa sababu jicho lake moja lilikuwa kwenye mnara. Mnara wa lango la hekalu la mji wetu wa Aruvalam, kusini mwa India, ulikuwa umezungushiwa jukwaa la mianzi toka chini hadi juu, na mafundi walikuwa wakizipaka rangi mpya sanamu za miungu, simba, kasuku na walinzi wenye masharubu zilizojazana huko. Kazi hiyo hufanyika kila baada ya miaka kumi na miwili. Amudha alikuwa na miaka kumi na moja, kwa hiyo hakuwahi kuiona.

Kileleni mwa mnara husimama vyungu saba vya shaba vyenye ncha, na kila mtaa una chungu chake. Ndani hutiwa varagu, nafaka ndogo iliyo jamaa ya wimbi. Hekalu likikarabatiwa vyungu huteremshwa, nafaka ya zamani hutolewa, na mpya hutiwa. Katika Mtaa wetu wa Mashariki, aliyekuwa bado analima varagu ni mtu mmoja tu, Angammal, bibi yake Amudha, na mbegu za chungu chetu zilimtegemea yeye. Sisi wengine tulishahamia kwenye mpunga, na wavivu zaidi tukahamia madukani.

"Macho yangu yamechoka, mjukuu wangu," bibi alimwambia Amudha. "Chambua wewe. Toa mawe, toa zilizotobolewa na wadudu, kisha uzianike barazani. Na usizikoboe. Hizi ni mbegu, si uji."

"Nimesikia, bibi."

"Kusikia unasikia. Kutulia ndiko kunakokushinda."

Siku hiyo, kusema kweli, alitulia. Alichambua mpaka shingo ikauma, akazitandaza nafaka kwenye mkeka, akakaa kuzilinda. Ndipo akaja Veni, rafiki yake, binti wa muuza maua.

"Wanamchora macho simba wa mnara. Twende, tunarudi sasa hivi."

"Bibi amesema nizilinde."

"Kwani zina miguu?"

Wakaenda. Simba alikuwa na macho mawili, na chini yake kulikuwa na simba wengine, na hao nao walikuwa na macho. Waliporudi, walimkuta ng'ombe wa muuza maziwa amesimama juu ya mkeka, anajilamba pua kwa raha. Zilikuwa zimebaki konzi chache tu.

"Kumbe mlaji ndiye mwenye miguu," alisema Veni, lakini hakuna aliyecheka.

Kikapu cha mbegu kilitakiwa hekaluni siku iliyofuata. Amudha aliingia jikoni, akachukua mtungi wa varagu iliyokobolewa, ile ya uji, akaimimina kapuni. Juu yake akatandaza zile konzi zilizosalia, zikafunika vizuri.

"Nani atapanda kule kukagua?" Veni alimtuliza. "Mpaka waje kukifungua chungu, sisi tutakuwa tumeshaolewa."

Jioni bibi alitia vidole kapuni, akazipapasa za juu. "Zimekauka vizuri. Ahsante, mwanangu. Umenisaidia sana." Amudha alikosa pa kuweka uso.

Siku ya pili mtaa mzima ulikusanyika uani mwa hekalu. Fundi Elango, mjenzi wa mahekalu, mtu mnene anayependa kuzungumza, alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Akamimina juu yake nafaka iliyotoka kwenye chungu chetu cha zamani. Haikuwa na jiwe hata moja.

"Nani alichambua hizi?"

"Mkwe wangu, mama yake huyu," alijibu bibi, akimshika Amudha bega. "Alikuwa na mimba ya huyu huyu, miguu imevimba. Nilimwambia apumzike, akakataa." Mama yake Amudha alikuwa anafanya kazi katika kiwanda cha nguo mjini Tiruppur, na alitarajiwa kufika kwa treni mchana huo kwa ajili ya sherehe.

Fundi akafunua kitambaa kingine, kilicholowa maji. "Tulipoviteremsha vyungu wiki iliyopita, nilichukua punje chache nikazilaza humu. Hazikuota zote. Lakini tazameni."

Tukainama kutazama. Vichipukizi vyeupe, vyembamba kama uzi, vilikuwa vimechomoza.

"Na mnajua kwa nini ziliwekwa juu?" Akatuonyesha mstari uliochongwa kwenye nguzo ya lango, juu ya kichwa chake. "Zamani mto ulipovunja kingo, maji yalifika hapa. Hekalu la ndani lilikuwepo tayari, mfalme alilijenga kwa mawe matupu bila chokaa, jiwe limekalia jiwe. Baada ya mafuriko wakulima na wafumaji wa mji huu wakachanga wakaongeza mnara. Chini mawe, yavumilie maji. Juu matofali, msingi usilemewe. Na kileleni kabisa wakaweka mbegu, mahali pasipofika maji wala panya. Walikuwa wameona njaa, hawakutaka sisi tuione."

Mama mmoja aliinua mkono akagusa ule mstari, kisha kwa heshima akagusa macho yake kwa vidole vile vile. Wengine wakafanya hivyo hivyo.

Fundi akainua kikapu cha nafaka mpya, akakielekeza kwenye mdomo wa chungu.

"Ngoja, Fundi," alisema Amudha. "Usimimine."

Watu wote wakageuka.

"Za juu tu ndizo mbegu. Za chini ni za uji, haziwezi kuota. Niliziacha mbegu nikaenda kutazama simba, ng'ombe akazila. Nikaogopa."

"Mimi ndiye niliyemwita," Veni alisema kwa sauti ndogo.

Manung'uniko yakaanza. Vyungu vilitakiwa kupandishwa alfajiri ya kesho yake, na mtaani hakuna mwingine aliyelima varagu. Bibi akasema, "Nyumbani nina mbegu zangu za kupanda msimu huu. Zichukuliwe."

"Na shamba, bibi?" aliuliza Amudha, machozi yakimtoka.

"Shamba litalala mwaka mmoja. Wewe kachambue."

Mchana kutwa Amudha na Veni walichambua barazani, punje kwa punje. Mama yake alifika na begi begani, akasikia habari yote kwa bibi. Hakugomba. Alikunja miguu, akaketi mkekani, akasema, "Sogea," akaanza kuchambua nao.

Kabla ya jua kuzama alikuja mama yake Veni. Mkononi alikuwa na konzi ya ile nafaka ya zamani, maana kila nyumba ilikuwa imepewa yake iwe baraka. "Kwangu zitakaa tu rafuni, Bibi Angammal. Kwako zitaota," alisema, akaimimina kapuni mwa bibi. Baada yake akaja fundi cherehani, kisha muuza maziwa, ambaye alikuwa na aibu kwa ajili ya ng'ombe wake na akaleta zake na za kaka yake. Mtaa mzima ukapita pale barazani. Bibi aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina.

Walipoondoka, alimwita Amudha.

"Mama yako alizichambua hizi pasipo mtu wa kumkagua, na mwaka huu ndizo zitakazopandwa shambani kwangu. Kazi isiyokaguliwa ndiyo ya kufanya vizuri zaidi, kwa sababu atakayeihitaji hawezi kukurudia akuulize. Ulikosea, lakini ulisema kabla chungu hakijafungwa. Kwa hilo nakushukuru." Kisha akamsukumia ule mtungi, uliorudishiwa varagu iliyokobolewa. "Na ule uji wako wa ujanja, utaupika wewe. Mtaa wote utakunywa kesho."

Alfajiri chungu chetu kilivutwa kwa kamba, kikapita kasuku, kikapita walinzi, kikapita simba wenye macho mapya. Watu waliinua viganja vilivyounganishwa kwa sala. Amudha, aliyenuka moshi wa kuni za uji, hakumtazama simba hata mmoja. Alikitazama chungu mpaka kikasimama kileleni, na alijua kila punje iliyokuwemo ndani yake.