Jiwe la Mlango wa Nyamizi

Saa saba mchana, jua la Bariadi likiwa katika ile hali yake ya kumfanya hata mbuzi atamani kofia, ukuta mmoja wa makao ya wazee ulikuwa baridi kama tumbo la chura.

Mektilda, mlezi wa zamu, aliugusa kwa bahati tu, sinia la ugali mkononi. Akaunusa mkono wake. Ulinukia unga wa mtama uliolowa.

"Fundi," alimpigia Maduhu simu, "ukuta wako unatoka jasho."

"Mimi nilijenga ukuta, sikuuza friji," Maduhu akajibu, akicheka peke yake. "Mama hajambo?"

"Njoo tu."

Makao yale yalikuwa fahari ya Maduhu. Kuta alizijenga kwa tofali za kuchoma, zinazotunza joto la mchana na kuwagawia wazee usiku. Msingi wa mawe aliutokeza nje ukawa benchi refu la barazani, kwa wale wanaochoka katikati ya safari ya chooni. Na kwa kuwa wengine walikuwa wakivisahau vyumba vyao, kando ya kila mlango aliweka jiwe la namna yake, usawa wa kiuno: hili la kukwaruza, lile la mabondebonde, lingine laini kama kipara cha diwani. Mzee anapapasa, mkono unakumbuka kilichosahauliwa na kichwa.

Kwa mlango wa mama yake, Nyamizi, alitaka jiwe la pekee. Alilipata kwenye mahame fulani Sapiwi, mji uliohamwa zamani: jiwe la kusagia, limelazwa kifudifudi. Mama alisaga mtama maisha yake yote, mkono wake ungekosaje kulijua? Maduhu akaligeuza, akalijenga ukutani, bonde lake likitazama nje.

Wazee wa huko walisema jiwe la namna hiyo likilazwa kifudifudi, mwenyewe amelala, na halihamishwi. Maduhu aliyasikia hayo tangu utotoni. Aliyaita ushamba.

"Mwadila, mayu," alimsalimu mama yake alipofika.

"Mhola," Nyamizi akajibu, bila kugeuza shingo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mawe, kiganja kimezama kwenye bonde la jiwe. Ugali wake ulikuwa umeota ngozi.

"Mbona huli, mama?"

"Nimeshiba."

"Umekula nini?"

"Nimeshiba tu."

"Hata mimi," alisema mzee Januarius wa chumba cha pili. Mguu wake ulikuwa na malengelenge makubwa, naye aliutazama kama mguu wa jirani.

Mektilda alimvuta Maduhu pembeni. "Huyu juzi alinitukana ukoo mzima kwa sababu ya chumvi," akanong'ona. "Leo nimemmwagia chai ya moto kwa bahati mbaya. Akaniambia asante."

"Sasa nimwite daktari au padri?"

"Usinichekeshe. Wote wanayapita mawe yao, wanakuja kupapasa hili la mama yako. Sikiliza."

Maduhu akasikiliza, mdomo ukiwa tayari na utani mwingine, na utani ule ukamkaukia, maana ndani ya ukuta alioujenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, mahali ambapo hata mjusi asingepata pa kupita, kitu kilikuwa kikisaga, kru, kru, kru, taratibu, kama mtu mwenye wageni wengi na asiye na haraka.

Mganga Milembe, aliyeitwa na Mektilda, alitoka Ipililo kwa bodaboda, kavaa kofia ngumu yake mwenyewe, kwa sababu majini hakuyaogopa ila madereva. Aliligusa jiwe mara moja tu.

"Mwenye jiwe hili, wenzake walihama na ng'ombe," akasema. "Yeye miguu ilishakataa. Wakamwambia watarudi. Akasaga, akawasubiri walaji, akafa akisaga. Wewe umemletea nyumba nzima ya watu walioachwa. Kwa nini asiwalishe? Anayekula kwake haumwi, halii, hamngojei mtu. Kisha anazimika, polepole."

"Mimi sikumwacha mama yangu!"

"Mara ya mwisho ulikuja lini?"

Maduhu akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, mkono mmoja ukaisha.

"Aliyeligeuza ndiye atakayelirudisha," Milembe akaendelea. "Atakukaribisha chakula. Usikubali."

"Nani ale unga wa jini?"

"Sikusema utaingilia mdomoni."

Maduhu akashika nyundo na tindo, akaanza kulizungushia jiwe, na kilichomwagika hakikuwa saruji bali unga, mweupe, wenye ubaridi, ukishikamana na jasho la viganja vyake kila alipoufuta, na nyuma ya jiwe, palipopaswa kuwa na tofali, palikuwa na giza tu lenye harufu ya jiko lisilowashwa miaka mingi, na kutoka humo sauti ya bibi, ya upole kabisa, ikasema kwa Kisukuma kwamba chakula kiko tayari, mwanangu, mbona umechelewa.

Hakuitikia. Alilibeba jiwe mpaka kwenye bajaji, akalipeleka Sapiwi, akalilaza kifudifudi pale pale alipolitoa. Milembe akalimwagia maji.

Waliporudi, walisikia kelele tangu getini.

"Wa moto! Nani kapika ugali huu, mnataka kuniua?" Nyamizi alikuwa akipuliza vidole, machozi yanamtoka. Alipomwona Maduhu alilia zaidi. "Mwanangu, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Januarius naye alikuwa ameupata mguu wake, akiutukana ukoo wa Mektilda, na Mektilda alikuwa akitukanwa huku anacheka na kulia.

Maduhu akaanza kuziba lile tundu. Tofali la pili aligonga vibaya, nyundo ikatua kwenye kidole gumba. Ukucha ukapasuka. Damu ikachuruzika kwenye tofali.

"Yesu wangu! Fundi!" Mektilda akapiga yowe.

Maduhu alikitazama kidole. Alingoja maumivu. Hayakuja. Akanawa mikono bombani, damu ikatoka, lakini weupe wa unga ulibaki kwenye mistari ya viganja.

Nyamizi alikuwa amemega tonge, akalichovya kwenye maziwa mgando, akamnyooshea mwanawe kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

"Njoo tule, mwanangu. Leo huondoki hatujala pamoja."

Maduhu aliutazama mkono ule. Alijua kuwa hapa mtu hulia, au hucheka.

"Nimeshiba, mayu," akasema.