Kiuno si Parafujo

Kila asubuhi Gavrila alisimama uani, mikono kiunoni, miguu imekakamaa kama nguzo. Alijisokota kushoto, akajisokota kulia, mpaka mgongo ukalia ko! Hapo alitabasamu.

"Umesikia, Nastasia? Mgongo umefunguka."

"Hata kuku wamesikia," mkewe alijibu. "Siku moja utafunguka wote, tukuokote kwa kapu."

Gavrila alicheka. Akajifunga mkanda mpana wa ngozi, wa marehemu baba yake, akaukaza mpaka pumzi ikapanda kifuani. Baba alimfundisha hivyo: ukikata nyasi kwa mundu mrefu wa kushika kwa mikono miwili, miguu isicheze, kiuno ndicho kifanye kazi.

Ilikuwa Julai. Nyasi za mlimani zisipokatwa na kukaushwa kabla ya mvua, ng'ombe wao Dumana hangevuka majira ya theluji. Angekwenda kwa mchinjaji. Mtoto wao wa pekee yuko Italia. Hupiga simu kila Pasaka akisema, "Nitakuja."

Siku ya pili ya kukata, maumivu yalimshuka Gavrila mpaka pajani. Alipaka tuika, pombe kali ya plamu. Iliyobaki akainywa, ili dawa ikutane katikati. Haikukutana.

Nastasia akamwita jirani yao, Lenuta. Huyu alifundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini kwa miaka thelathini.

"Shemeji, geuza shingo," Lenuta alisema.

Gavrila akageuza. Kidevu kikakaribia bega.

"Unaona? Shingo ina pingili saba, nayo hugeuka kuliko sehemu nyingine zote za mgongo. Ndiyo maana mwanamke hapiti bila wewe kumwona."

Nastasia akaguna.

"Chini yake ni mgongo wa mbavu, pingili kumi na mbili. Kila moja hugeuka kidogo, na vidogo kumi na viwili si haba. Lakini kiuno kina pingili tano tu. Ni kama bawaba ya mlango: kinainama mbele, kinarudi nyuma. Kujisokota hakiwezi, ila kidogo sana. Wewe umekifanya parafujo!"

"Sasa nikate nyasi kwa nini? Kwa masharubu?"

"Kwa nyonga na kifua. Legeza magoti. Hamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Nyonga zigeuke, kifua kigeuke, kiuno kitulie. Ila kwa sasa usiguse mundu. Na ukiona mguu unakufa ganzi, au mkojo unakataa kutoka, usingoje hata saa moja. Hospitali!"

"Baba yangu hakufundishwa kukata nyasi na mwanamke," Gavrila alisema.

Kesho yake alijisokota kwa nguvu zaidi, ati aufungue mgongo. Nastasia akiwa jikoni alisikia ko! Akangoja kicheko. Hakikuja. Alimkuta mumewe amepiga magoti kando ya kisima.

Mpaka jioni mguu wa kulia ulikuwa hausikii kitu. Mkojo nao ulikataa.

"Twende hospitali," Nastasia alisema.

"Kesho. Usinitie aibu kijijini."

Nastasia alimjua kwa miaka thelathini na minane. Akachoka kubishana, akanyamaza. Ukimya ule haujamtoka rohoni hadi leo.

Gavrila alipasuliwa siku ya pili yake. "Mmechelewa," daktari alisema. Mkojo ulirudi. Mguu haukurudi.

Nyasi nyingi zilikuwa bado zimesimama. Lenuta alimshika Nastasia nyonga kwa nyuma, akamfundisha kama mtoto anayeanza kutembea. Hatua, nyonga, kifua. Hatua, nyonga, kifua. Walikata kidogo kidogo, wakawahi mvua. Dumana alikula mpaka theluji ikayeyuka. Mgongo wa Nastasia haukuuma.

Sasa ni Julai nyingine. Gavrila anakaa kwenye kigoda pembezoni mwa shamba, fimbo katikati ya magoti. Ule mkanda wa baba yake uko shingoni mwa Dumana, umefungiwa kengele. Nastasia anakata nyasi, na shingo ya Gavrila inamfuata, kushoto, kulia.

"Legeza magoti!" anapiga kelele. "Kiuno kitulie! Nyonga, mwanamke, nyonga!"

Nastasia anasimama.

"Nani kakufundisha hayo?"

Gavrila anatazama mlima.

"Mambo ya kawaida hayo," anasema. "Kila mtu anayajua."

Nastasia anapiga hatua, anageuza nyonga, nyasi zinalala.