Ukishapima, Usifumue

Nikisimulia habari hii kwa wateja huwa nasema ilimpata jirani. Jirani gani? Huku juu ninakokaa hakuna jirani, kuna tangi la maji na kamba za kuanikia nguo. Leo nimechoka kumsingizia mtu asiyekuwepo. Ni mimi.

Mimi ni fundi wa kufuma. Nina mashine mbili za masweta ya shule, na kwenye masweta ya shule simwogopi mtu. Rangi imeshaamuliwa, kipimo kimeandikwa ukutani, kazi yangu ni kusukuma mashine iende na kurudi. Shida huanza nikishika sindano mbili za mkono nifume kitu kilichotoka kichwani mwangu mwenyewe. Hapo najihoji kama polisi na mwizi. Hili jani limekaa sawa? Hizi rangi nani kakuambia zinaendana? Na wewe nawe, mbunifu tangu lini? Nikifika hapo nafumua. Nisipofumua, naitupa kazi kapuni.

Kapu lilikaa chini ya meza. Ndani mlikuwa na kofia ya mtoto isiyo na utosi, na mtoto mwenyewe siku hizi ananyoa ndevu. Mlikuwa na shali iliyoishia nusu, na soksi ya mguu mmoja. Mdogo wangu aliliita kapu lile mochwari. Akiingia tu, kabla hata ya salamu: "Dada, leo umemlaza nani mochwari?" Tunacheka mpaka machozi.

Mama yetu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha kazi hii. Mdogo wangu naye alijaribu, lakini alikuwa wa mashoto, vitanzi vyake vikawa vinalala upande usio wake, akaacha. Mama alikuwa na sheria moja. Fuma, fumua, rudia hata mara mia, uzi ni wako. Lakini ukishampimia mtu, usifumue. Ukishapima, zile si nyuzi tena, ni mtu. Mimi nikaona ni maneno ya kutisha wanafunzi wasichezee uzi wa watu. Yeye huyo huyo alituambia tukila karibu na sufu tutaota manyoya tumboni.

Basi mdogo wangu akapata kazi kwenye stoo ya baridi, kupanga maboksi ya dawa. Alikuja mbio kuniambia. "Dada, mle ndani ni friji lenye mlango wa mtu. Nifumie sweta. Lakini lako, sio la shule."

Nikaanza. Kijani kibichi, na juu yake majani ya mmea wa kutambaa yanayopanda toka kiunoni kwenda shingoni. Sikuchora popote. Mikono ilijua njia yenyewe, na kwa wiki mbili nilifanya kazi nikiimba. Sijawahi kufuma kitu kizuri vile, na nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijua.

Ilibaki shingo tu. Fundi mwenye uhakika angemalizia kwanza. Mimi nikamwita nimpimie, si kwa sababu ya kipimo, kipimo nilikuwa nacho. Nilitaka kusifiwa.

Alilivaa palepale katikati ya mashine, akajigeuza mbele ya kioo. Lilimkaa kama amezaliwa nalo. Binti yake wa miaka sita alipiga makofi. Mdogo wangu akanishika kidevu. "Nakujua wewe. Usifumue hata kitanzi kimoja. Nimelipenda hivihivi."

"Sifumui," nikasema.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nilifumua mkono wa kushoto.

Niliona jani moja limekaa vibaya. Pengine halikukaa vibaya. Nilivuta uzi, ukaja laini, nikajisikia vizuri kama mtu anayejikuna. Saa sita shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akapiga simu. Mke wake amerudishwa kutoka kazini. Mkono wa kushoto umekufa ganzi, boksi limemponyoka, hawezi hata kufunga kifungo.

"Saa ngapi?" nikauliza.

"Saa nne nne hivi. Kwani vipi?"

Machale yakanicheza. Nikatazama meza. Uzi wa kijani ulikuwa umelala pale, umejikunjakunja, bado una umbo la vitanzi.

Nikajiambia ni baridi ya stoo. Hata hivyo sikula mchana huo. Niliurudia mkono wote, nikaunga saa kumi na mbili jioni. Simu ikaita kabla sijaweka sindano chini. Ni mdogo wangu mwenyewe, anacheka. "Dada, mkono umerudi! Hivi hivi tu, kama umeme."

Mtu mwenye akili angefunga shingo siku ileile na kumpelekea. Sasa nisikilize vizuri, maana sehemu hii sijawahi kumwambia mteja yeyote. Nilikaa siku mbili nikilitazama lile sweta. Moyo uliniambia acha. Mimi nikaujibu, we moyo nawe unajua nini? Nikaanza kuona majani ya mgongoni yameinama. Na nyuma ya majani kulikuwa na kitu kingine. Nilitaka kuhakikisha kwamba mama alikuwa anatudanganya.

Nikatatua mishono. Nikafumua mgongo.

Alianguka ngazini akishuka na ndoo ya nguo. Daktari alipiga picha, akapiga tena. Mifupa mizima, alisema. Lakini mgonjwa hakuweza kukaa.

Nilihamia kwao na sindano zangu. Sikumwambia mtu chochote. Nilikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda chake, nikafuma mgongo usiku na mchana, vidole vikavimba. Shemeji akawa ananisifu mbele ya watu: tazameni mapenzi ya dada. Kila sifa ilinichoma. Kadiri nilivyopanda na safu, ndivyo alivyopata nafuu. Siku ya kwanza aligeuka mwenyewe. Siku ya tatu alikaa, akaegemea mto, akaomba chai.

Chai aliletewa na wifi yake, dada wa shemeji, aliyekuwa akiishi nao. Mwanamke mkavu, salamu yake ilikuwa ya kuvutwa kwa kamba. Lakini yeye ndiye aliyemwogesha mdogo wangu siku zote zile, akamgeuza, akamsafisha. Aliweka kikombe, akanitazama mikono muda mrefu.

"Hilo sweta haliishi?" akauliza.

"Bado shingo."

"Basi imalize."

Niliimaliza kesho yake mchana. Jua lilikuwa limejaa chumbani, redio ya mtu inalia huko chini barabarani. Mdogo wangu alikuwa anasinzia. Shingo ilikuwa imezunguka yote, imebaki kufunga vitanzi na kukata uzi. Dakika tano. Pengine nne.

Nikaona jani la mwisho limetazama kushoto. Mengine yote yametazama kulia.

Nani angeliona? Hakuna. Yeye mwenyewe alifumbua jicho moja, akaniona nimeganda. Akanong'ona, "Dada. Malizia hivyo hivyo."

"Safu mbili tu," nikamwambia.

Nikavuta.

Uzi ulitoka kwa urahisi. Safu ya kwanza. Akakohoa. Safu ya pili. Hakukohoa tena. Alifumbua macho yote mawili, na hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu. Midomo ilikwenda, sauti haikuja. Nilirudi mbio kuokota vitanzi. Kimoja kikateleza. Nikakishika, kikateleza cha pili. Vikawa vinashuka vyenyewe, kimoja kimoja, mpaka mabegani. Nilikuwa nalia, nafuma, namwita mama. Uzi ulipoacha kukimbia chumba kilikuwa kimya, ila ile redio.

Bandu bandu huisha gogo. Mimi nilimbandua mdogo wangu mwenyewe.

Msibani watu hawakukosa la kusema. Mkono, halafu mgongo, halafu pumzi, ugonjwa gani huo unaotembea? Mama mmoja mwenye sauti akatamka bila kumtaja mtu: "Kikulacho ki nguoni mwako." Wote wakageuka kumtazama wifi. Si ndiye aliyemlisha? Si ndiye aliyemwogesha? Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na sweta kwenye begi, begi mapajani. Nikakohoa. Nikainamisha kichwa. Watu wakadhani ni uchungu.

Kabla wiki haijaisha wifi aliondoshwa. Shemeji ndiye aliyemtolea begi nje, na nilikuwepo. Alipopita karibu yangu alisimama, akanong'ona sikioni: "Mimi najua kwamba si mimi. Wewe je?"

Nikashika njia ya jikoni. Eti fundi!

Mtoto wa marehemu akaja kukaa na mimi, kwa sababu shule iko jirani na kwangu. Sweta nikalilaza kapuni, bila shingo, chini kabisa, chini ya soksi na shali. Mwaka mzima sikushika sindano za mkono. Masweta ya shule tu, kwenda na kurudi.

Halafu siku moja mchana nilitoka kupeleka mzigo shuleni, nikarudi na mtoto. Nilifunga mlango mwenyewe na ufunguo ulikuwa mfukoni. Kapu lilikuwa juu ya meza. Sweta la mdogo wangu halikuwemo. Juu ya sindano zangu palikuwa na jingine, la uzi uleule, wa kijani uliokunjika kwa kufumwa na kufumuliwa. Lilikuwa dogo. Mikono, mgongo, kifua, majani yanapanda. Shingo bado.

Nikalisogeza dirishani. Vitanzi vyote vilikuwa vimelala upande usio wake.

"Mama mkubwa," mtoto akasema, anavua viatu, hana habari, "hilo ni langu."

"Nani kakuambia?"

"Mama. Jana nilivyorudi shule, wewe ulikuwa unaoga. Amenipimia."

Ameshapimiwa! Sikuwa na njia nyingine. Nilikaa palepale nikafuma shingo, nikafunga, nikakata, nikauficha mwisho wa uzi kwa ndani, mara tatu. Sikuangalia majani. Nilipomaliza ndipo nikaangalia. Jani la mwisho lilitazama kushoto.

Mtoto hakulivua. Alilivaa kwenye jua kali, akalivaa chini ya nguo za shule. Na kila siku akirudi nilikuta mwisho wa uzi umetoka nje, pale shingoni, urefu wa kidole. Nauficha. Kesho umetoka tena. Nilijifunza kukalia mikono yangu. Wateja waliniuliza, fundi, unasikia baridi? Nikasema ndiyo.

Siku niliyoshindwa, mtoto alikuwa anaandika kazi ya shule mezani, mgongo wake kwangu. Mimi nilikuwa nawaza mambo ya mashine, haki ya Mungu. Nikasikia amekohoa. Nikatazama chini, na vidole vyangu viwili vilikuwa vimeshika uzi wa kijani. Tayari vilikuwa vimevuta.

"Mama mkubwa," akasema taratibu, bila kugeuka, "umenikaba."

Niliachia kama nimeshika kaa la moto. Niliingia chooni nikajifungia, nikampigia wifi. Nilidhani atakata simu. Alikuja kabla ya magharibi. Alisimama mlangoni na begi lilelile alilotolewa nalo.

"Sema kwanza," akaniambia.

Nikasema. Yote, pamoja na ile ya kutaka kuhakikisha. Niliyatoa maneno nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la sufu, mtu mzima mimi. Hakunifariji, na sikustahili. Alipokwisha kusikiliza alimwita mtoto, akamgeuza kwenye mwanga, akaipapasa shingo ya sweta kwa kidole gumba.

"Imepinda kidogo," akasema.

"Naiona."

"Basi iache imepinda."

Akachukua sindano na uzi wa kawaida, akaushonea ule mwisho wa uzi wa kijani mahali pake, mishono mikubwa mibaya ya mtu asiyejua kushona. Haujatoka tena mpaka leo. Shemeji nilimwambia mwenyewe, na msibani kwa mtu mwingine nilisimama nikawaambia wale kina mama. Tangu hapo wateja wamepungua, na hiyo ni haki yao. Mtoto ameondoka na shangazi yake. Hiyo nayo ni haki yake. Ijumaa hunipigia simu, ananiambia bado analivaa, linaanza kumbana mabegani.

Mimi niko hapa na mashine zangu. Kapu nililimwaga siku ileile aliyokuja wifi, nikachoma kila kitu kilichokuwemo, kofia, shali, soksi. Nikalirudisha chini ya meza likiwa tupu.

Wiki iliyopita nilikuta ndani yake sindano mbili na safu kumi za kijani. Sikugusa. Juzi mgongo ulikuwa umekwisha. Leo kuna kifua na mkono mmoja, majani yote yanatazama kushoto, hakuna hata moja lililorudiwa. Ni pana, si la mtoto. Upana wa mabega yangu naujua bila futi.

Umebaki mkono mmoja na shingo. Nimeacha mlango wazi, na kioo nimekifuta.

Sijapimiwa bado.